Uzi: Bangalo ya umbo la L au mezoneti? Ploti ni 50 kwa 100 Kamulu, na bado sijachimba msingi

Mama Pacha (mwenye uzi)

Wadau, salamu. Baada ya miaka minne ya kulipa kidogo kidogo, ploti yetu ya Kamulu, pembezoni mwa Nairobi upande wa mashariki, imetoka hati. Ni futi 50 kwa 100. Barabara iko upande wa magharibi, jirani wa kaskazini hajajenga, wa kusini ana ukuta tu. Tuko watu sita: mimi na mzee wangu, pacha wa miaka saba, mama yangu mzazi, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani.

Kinachotukwamisha ni mpangilio. Nyumba ikae vipi juu ya ile ardhi? Mzee wangu anataka mezoneti: sebule na jiko chini, vyumba vya kulala juu. Mimi nataka bangalo, yaani nyumba ya chini isiyo na ghorofa, ya umbo la L yenye ua. Kila mmoja ana picha zake kwenye simu, na kila jioni tunaonyeshana hadi chai inapoa.

Niseme kinachonisukuma. Sasa hivi tumepanga ghorofa ya pili Utawala. Kutoka chini hadi mlangoni kwetu ni vidato 34, nimevihesabu. Mama akirudi kanisani hushika chuma kwa mkono wa kulia, huweka mguu mmoja, huuleta wa pili kando yake, ndipo anaanza kidato kinachofuata. Kwenye kona ya ngazi kuna dirisha dogo. Anasimama hapo kila mara, anasema anatazama magari, nami namwacha aseme hivyo. Mwezi wa nne, mvua ikinyesha, ngazi zilikuwa zimelowa akateleza na kuumia kiwiko. Tangu siku hiyo hashuki ila awe na safari ya lazima.

Nataka nyumba ambayo mama atatoka nje bila kumwita mtu amshike mkono. Lakini sitaki pia kumkatalia mzee wangu bila sababu za maana. Nisaidieni.

Baba wa Utawala

Dada, pole kwa mama. Mimi ni wa mezoneti na nitaitetea, kwa sababu naishi ndani yake mwaka wa tano sasa.

Ploti yangu ni ndogo kuliko yako, 40 kwa 80. Ningeweka bangalo ya vyumba vinne, baada ya kuacha nafasi za pembeni, gari na shimo la maji taka, watoto wangechezea barabarani. Sasa nimebaki na kipande cha ardhi nyuma, wanapiga mpira, mama watoto amepanda sukuma wiki na dania.

La pili ni usiku. Tunafunga geti la chuma pale juu ya ngazi na familia yote iko nyuma yake. Tulipohamia, sehemu zetu zilikuwa bado tupu, nyumba ni tatu tu mtaani, na lile geti ndilo lililotupa usingizi.

La tatu ni wageni. Watu wa kwetu wakija hawaji wawili. Wakijaa sebuleni, mtoto mwenye mtihani anapanda juu, anafunga mlango, anasoma. Kwenye bangalo ndogo kelele za sebuleni zinaingia kila chumba.

Ila nakubali jambo moja: sina mzee nyumbani. Ningekuwa naye, ningeweka chumba kimoja chini chenye bafu lake. Mwambie mzee wako alifikirie hilo.

Fundi wa Njiru

Mama Pacha, kabla ya L na kabla ya ngazi, umechimba shimo ukaona udongo? Kamulu, Ruai na kurudi huku kwetu sehemu nyingi ni ule udongo mweusi. Mvua ikinyesha unavimba na kunata kwenye gambuti, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukijenga juu yake bila kuutoa, sakafu inanyanyuka na kushuka kila msimu, na baada ya mwaka mlango haufungi na ukuta una ufa kutoka kona ya dirisha hadi kwenye paa.

Dawa tunayotumia wengi ni kuuondoa wote chini ya nyumba hadi tukute moramu, ile changarawe ngumu, au mwamba, kisha tunajaza mawe na kushindilia kwa tabaka. Sasa fikiria: bangalo inalala chini yote, kwa hiyo unachimba eneo lote. Mezoneti ya ukubwa huo huo inakalia karibu nusu ya ardhi hiyo. Msingi wake ni mzito zaidi, una nguzo na vyuma, halafu kuna slabu ya juu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, na ngazi. Usije ukaambiwa bangalo ni rahisi siku zote. Kwenye udongo mwekundu wa kule Kiambu, mara nyingi ndiyo. Kwenye udongo mweusi, piga hesabu kwanza.

Chimba mashimo mawili, moja kila upande wa ploti. Ni kazi ya siku moja kwa vijana wawili.

Mama Pacha

Fundi, asante sana. Tumechimba Jumamosi. Shimo la mbele udongo mweusi umeisha kwa futi nne hivi, yaani mita 1.2, halafu moramu ngumu. La nyuma ni karibu sawa.

Nimekaa na kalamu. Bangalo niliyoitaka ina mita za mraba 150. Mara 1.2 ni mita za ujazo 180 za udongo wa kutoa, na karibu kiasi hicho cha mawe ya kurudisha. Mezoneti yenye 75 chini na 75 juu ingetoa 90. Mzee wangu alitazama zile hesabu hakusema neno, na mimi pia sikusema. Nusu nzima! Naomba anayejua zaidi anisaidie kabla sijakata tamaa.

Mchora Ramani

Dada, usikate tamaa na usiamue kwa namba moja. Nafanya kazi hii ya kuchora, nami nakuomba uangalie mambo mawili: ukubwa, na jua.

Ukubwa kwanza, kwa sababu ndipo pesa zinapopotea bila mtu kuona. Mezoneti ina ngazi. Kutoka sakafu hadi sakafu ni kama mita tatu, hivyo vidato 17 vya sentimita 17 na nusu hivi kila kimoja. Ukiongeza nafasi ya kugeukia na ile ya kutokea juu, umepoteza chumba kidogo. Ngazi zikitoka, bangalo yako inaweza kupungua na bado ikawa na vyumba vile vile. Niambie 150 zimetumika wapi.

Sasa jua. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta. Maana yake, Juni na Julai, wakati wa baridi, jua linapita upande wa kaskazini. Desemba linapita kusini. Watu wengi wanachora nyumba ikitazama geti tu, halafu Julai wanakaa sebuleni na blanketi mchana, na ukitoka nje kuna jua zuri ukutani kwa jirani. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na nyumba ya mawe ikishapoa haipati joto upesi.

Ploti yako imekaa vizuri mno kwa umbo la L. Mkono mrefu uuegemeze upande wa kusini, mkono mfupi uwe mbele upande wa barabara. Ua unabaki umefunguka kaskazini na mashariki. Jua la asubuhi linaingia, na la mchana wa Julai pia, ile siku mawingu yakiruhusu. Mkono wa mbele unaziba vumbi na macho ya wapita njia. Madirisha makubwa ya sebule yatazame uani. Ya magharibi yawe madogo, kwa maana jua la saa kumi la Februari linaingia chini chini na baraza haliwezi kulizuia lote.

Mkaazi wa Kamulu

Na jirani wa kaskazini akijenga ghorofa? Huku kwetu mtu ananunua ploti akisema ni nyumba ya familia, unaamka unaona flati.

Mchora Ramani

Swali zuri, na hilo ndilo linaloamua upana wa ua. Juni, jua likifika juu kabisa, nyumba ya mita saba kwenda juu, yaani mezoneti ya kawaida, inatupa kivuli cha kama mita tatu. Ukuta wa mita 15 wa flati unatupa karibu saba. Kwa hiyo ua wa mita tano na nusu unastahimili mezoneti ya jirani iliyosogea hadi mpakani, lakini haustahimili flati. Ndiyo maana nasema asiache upande wa mashariki uzibwe na stoo au chumba cha dada. Aache ule upande wazi, apate angalau jua la asubuhi lisilomtegemea jirani.

Binti wa Majengo

Nimesoma hadi hapa nikasema lazima niandike. Mimi nimelelewa Pumwani, Majengo, kwenye zile nyumba za Kiswahili za tangu miaka ya 1920. Mnazijua? Unaingia kwa mlango wa mbele, korido imenyooka katikati hadi nyuma, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Mbele kuna baraza, nyuma kuna ua, na jiko na choo viko uani.

Sisemi zilikuwa rahisi. Familia moja chumba kimoja, maji ya kupanga foleni. Lakini mpangilio ule ulikuwa na akili yake. Baraza ni la mgeni asiyehitaji kuingia. Korido ni ya mgeni wa nyumba. Ua ni wa wenyewe. Bibi yangu alikuwa anakaa uani na ungo wake akichambua mchele, na kutoka pale anamwona anayeingia mlango wa mbele kwa sababu korido imenyooka. Beseni la maji liliachwa juani tangu saa nne, na saa tisa watoto tunaogeshwa humo, maji yana uvuguvugu. Hakuna kati yetu aliyemwangalia bibi. Alikuwa tu katikati ya kila kitu.

Sasa nakaa kwenye nyumba nzuri yenye vigae, mama yangu akija anakaa sebuleni mbele ya televisheni siku nzima kwa sababu hana pa kwenda. Mama Pacha, shikilia ua wako. Punguza kitu kingine.

Mtoto wa Buruburu

Nitasema langu kwa ufupi kwa kuwa bado linaniuma. Wazazi wangu walinunua mezoneti Buruburu zilipokuwa mpya. Vyumba vyote vya kulala juu, bafu juu. Miaka thelathini ilikuwa nyumba bora. Kisha baba akapata kiharusi. Tulimshusha kitanda tukakiweka kwenye nafasi ya meza ya chakula, tukaweka pazia. Alioga kwa beseni nyuma ya pazia ndani ya nyumba aliyoilipa mwenyewe, na wageni wakija kumjulia hali wanakaa hatua tatu kutoka kitandani kwake. Hakuwahi kulalamika. Mimi ndiye niliyekuwa natoka nje.

Ukijenga mezoneti, jenga. Ila chini pawe na chumba halisi chenye mlango na bafu, hata kama leo nyote mnakimbia ngazi.

Mama Pacha

Mtoto wa Buruburu, pole sana. Nimemsomea mzee wangu maneno yako, akaniomba simu akasoma tena mwenyewe.

Turudi kwenye 150 za Mchora Ramani. Nimezipekua. Nilikuwa nimepanga vyumba vyote vinne mstari mmoja kwenye mkono mrefu, vyote vikitazama uani, na korido nyuma yake upande wa kusini. Jana tulikwenda ploti na kamba ya katani na chokaa, tukachora nyumba nzima chini kwa vipimo vyake. Ile korido ni mita tisa kwa 1.2. Nikatembea ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni karibu mita za mraba 11! Chumba cha pacha nilikuwa nimekipa 3 kwa 3, yaani tisa. Nimeipa njia ya kupita nafasi kubwa kuliko watoto wangu.

Halafu nilikuwa na chumba cha kulia peke yake. Tumekaa hapo kwenye viti vya plastiki tukajiuliza, mara ya mwisho sisi sita kula mezani pamoja ilikuwa lini? Krismasi. Na mabafu manne.

Mchora Ramani

Hiyo kazi ya chokaa inafaa kuliko saa kumi za kutazama picha. Sasa fanya hivi: kwenye mkono mrefu weka vyumba pande zote mbili, korido fupi katikati. Upande wa kaskazini chumba cha pacha, upande wa kusini bafu la wote na chumba cha dada, kwa kuwa kusini hakuna jua la Julai na bafu halilihitaji sana. Chumba cha dada kipe dirisha pana, na usikisahau kwenye hesabu, ni mtu anaishi humo. Masta, chumba chenu wawili, iwe mwisho kabisa, mashariki. Korido itashuka hadi mita nne na nusu. Ua utapungua upana, kutoka mita nane hadi tano na nusu hivi, na hiyo ndiyo gharama yake.

Chumba cha mama usikipeleke kule ndani. Kiweke kwenye kona pale mikono miwili inapokutana, mlango wake utokee karibu na sebule na dirisha litazame uani. Bafu lake ligongane mgongo na jiko, mabomba yawe ukuta mmoja. Na sakafu kutoka kitandani kwake hadi uani iwe usawa mmoja. Penye tofauti ya kimo, weka mteremko mpole.

Baba wa Utawala

Hapo kwenye chumba cha mama kuwa mbali na masta naunga mkono. Kwetu mkwe hapiti mbele ya mlango wa chumba cha mwanawe na mumewe. Nimeona nyumba za pesa nyingi ambapo mama mkwe akitaka choo usiku lazima apite hapo, anakesha akijizuia.

Mkaazi wa Kamulu

Jiko ni wazi au limefungwa? Mimi nililiacha wazi kwa sebule, nikikaanga omena makochi yananuka hadi Jumatano. Weka ukuta na mlango, na mlango mwingine wa kutokea uani penye jiko la makaa. Githeri ya gesi kila siku nani ataiweza?

Mama Pacha

Limefungwa. Na mlango wa uani upo. Hapo hatukubishana hata kidogo.

Fundi wa Njiru

Kuhusu mzee wako na ghorofa. Kama moyo wake uko juu, kuna njia ya kujenga kwa awamu, na si jambo geni hapa mjini. Dandora miaka ya 1970 ilianza hivyo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja kama 6,000, mtu anapewa choo na sehemu ya maji, mahali pengine na chumba, halafu anaongeza vyumba kadiri anavyopata. Siri ni kwamba sehemu ya maji ilikuwa imeshakaa mahali pake tangu siku ya kwanza.

Lakini kuongeza kwenda juu si sawa na kuongeza pembeni. Ukitaka ghorofa baadaye, injinia aijue leo, msingi na nguzo zibebe uzito huo tangu mwanzo. Usimwamini mtu yeyote, hata fundi mzuri kama mimi, anayekwambia ukuta huu utabeba tu. Na ramani yako ichorwe na msanifu aliyesajiliwa, ipite kaunti, mradi uandikishwe NCA, ile mamlaka ya kitaifa ya ujenzi. Nimeona watu wakisimamishiwa kazi slabu ikiwa nusu.

Paa ndilo la mwisho. Naona vijana wanataka lile lililofichwa nyuma ya ukuta. Likijengwa vizuri ni zuri, ila mifereji yake imefichwa, ikiziba hujui hadi dari limevimba. Paa la mteremko lenye mifereji ya nje linakupa maji kirahisi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua moja nzuri ya milimita 20 kwenye paa la mita 140 ni lita 2,800, ukitoa kidogo kinachopotea. Bangalo ina paa pana kuliko mezoneti. Kwa shida ya maji ya Kamulu, hiyo ni faida ambayo hakuna aliyeitaja.

Mama Pacha

Wadau, nimekaa kimya wiki tatu, leo naleta jibu.

Ni bangalo, umbo la L, mita za mraba 120 na ushee badala ya 150. Chumba cha kulia kimeondoka, meza itakaa upande mmoja wa sebule. Mabafu ni matatu. Udongo wa kutoa sasa ni kama mita za ujazo 145 badala ya 180. Bado ni mwingi kuliko wa mezoneti, lakini injinia ameweka gharama ya slabu ya juu, nguzo na ngazi upande wa pili wa hesabu, na kwa nyumba yetu tofauti ikawa ndogo kiasi kwamba mzee wangu alisema mwenyewe, basi tusipande. Ameomba kitu kimoja: mwisho wa mkono mrefu, upande wa masta, msingi uwe wa kubeba chumba kimoja juu siku za usoni. Atakifanya ofisi yake. Injinia amekubali na kimeingia kwenye mchoro. Geti la usiku nalo lipo, mwanzo wa korido fupi. Baba wa Utawala, hilo ni lako.

Juzi Jumamosi tulimpeleka mama kwa mara ya kwanza. Vigingi vimeshapigwa na kamba zimefungwa. Pacha walikuwa wanaingia kwa mlango na kutoka kwa mlango, hawaruki kamba, wamekatazana wenyewe. Tulimwekea mama kiti kwenye chumba chake, pale dirisha litakapokuwa. Alikaa, akauliza jua linatoka wapi, tukamwonyesha. Akauliza kuku watakaa wapi, tukamwonyesha pia. Kisha akasimama na fimbo yake, akatembea kutoka kitandani hadi uani, akarudi, akatembea tena. Akasema mlango wa uani uko mbali kidogo na ukuta wa kushikilia, usogezwe hatua moja kulia.

Fundi aling'oa kigingi hapo hapo, akakisogeza. Jumatatu tunaanza kuchimba.